Simu Iliyotangulia Wagonjwa

Ha Ramokoatsi, Mokhotlong
Jumatano, 14 Aprili

Dada Nthatisi,

na hapo ndipo Ntate Fusi alipopiga honi, nikalazimika kuifunga ile barua kabla sijafika kwenye utamu wenyewe. Huyu mwendesha pikipiki anayetubebea barua hana huruma. Akishafunga sanduku lake la chupa za damu za kliniki, hamngoji hata mfalme. Kwa hiyo ichukue hii kuwa ukurasa wa nne wa ile. Nilikuwa nimefika pale Motlatsi wangu aliponiambia nifumbe macho.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaambiwa ndoa imenitoa adabu. Hujambo? Baba hajambo, na kile kifua chake? Mwanao Lineo ameota meno mangapi sasa? Sisi huku wazima. Mapichi yamekatwa na kuanikwa juu ya bati, na mama mkwe amenifundisha kupika uji mchachu wa mtama kwa namna ya kwao, ambayo ni sawasawa na ya kwetu, ila mimi nimeitikia kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza. Wamenichinjia kondoo wa kunikaribisha, na wamenipa jina. Hapa mimi si Keneuoe tena. Ni 'Matlotliso, mama wa Tlotliso, mtoto ambaye hata safari hajaianza. Motlatsi akiniita hivyo mbele ya watu, mimi huinamia sufuria, maana nikimtazama nitacheka na wataona meno yangu yote.

Sasa utamu. Unajua shemeji yako anatunza minara mitano ya mtandao wa kliniki, huu wetu wa mlimani na mingine minne ya mbali. Kwa mwezi analala nyumbani siku kumi tu. Nilikuwa nikimpigia kwa video, sura yake inavunjikavunjika, jicho hapa, kidevu kule, na sauti inafika mdomo umeshafungwa. Nililia, dada. Basi akaniambia nifumbe macho, akachukua simu yangu, akabonyezabonyeza kompyuta yake, akasema, "Fumbua."

"Umefanya nini?"

"Njia ya hewani ni nyembamba, mke wangu, kama daraja la kamba. Wote hatuwezi kuvuka pamoja, kwa hiyo tumepanga foleni. Anayetangulia ni kliniki, daktari anapoongea na mgonjwa. Nyuma yake sauti za watu, nyuma ya sauti picha za watu, na mwisho kabisa wale wanaopakua mpira na nyimbo. Wewe nimekutoa kwenye picha za watu, nimekuweka mbele na kliniki."

"Na kliniki yenyewe je?"

"Kliniki ni mashine moja. Wawili mnaenea. Nimejaribu asubuhi nzima, inateleza kama siagi."

Dada, wako wanaume wanaonunua maua. Wangu amenipa njia hewani. Jana nimemwona mpaka vumbi la kwenye kope, kana kwamba tumekaa meza moja. Saa nzima hakuvunjika hata mara moja.

Najua utauliza kwa nini sikupigii na wewe. Lakini uliapa kwamba ukitoka kazini hutaki kuona tena uso wa mtu kwenye kioo, na mimi nakubali, kwa sababu mwandiko wako naweza kulala nao chini ya mto.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko wote Lesotho nzima,
Keneuoe

—

Maseru
Jumatano, 28 Aprili

Mdogo wangu Keneuoe, au 'Matlotliso, nichague lipi?

Sisi hatujambo. Kifua cha Baba kinamsumbua alfajiri, jua likitoka anasahau na kudai sigara. Lineo ana meno manne na ameyajaribu yote kwenye bega langu. Nimefurahi umekula kondoo wao. Nilikuwa naogopa watachelewa kukukaribisha, kama wakwe zangu walivyonichelewesha mimi.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula. Baba alicheka mpaka akakohoa kwa hayo ya siagi. Halafu akaniuliza, "Na wakikutana katikati ya daraja, nani anarudi nyuma?" Nikamwambia hayo ni maswali ya wazee. Nakuandikia tu uyajue.

Kazi ni ile ile. Nakaa kwenye chumba cha kioo pamoja na daktari, kliniki za milimani zinatupigia, mimi namtafsiria kwa sababu Kisotho chake kinaishia kwenye salamu. Kliniki yenu hutupigia mara nyingi, muuguzi wenu Sista Mpolokeng hana woga wa kuuliza. Ijumaa iliyopita alikuwa anatuonyesha mtoto anayehema kwa taabu, picha ikaganda katikati. Tukangoja. Ikarudi, mtoto mzima, basi. Daktari alisema ni mvua. Huku kwetu mvua haikunyesha, lakini huko juu sijui.

Sitaki kuitia maji asali yako. Mpe shemeji salamu zangu. Mwulize swali la Baba, kwa mzaha tu.

Dada yako,
Nthatisi

—

Ha Ramokoatsi
Jumatano, 12 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na kwa Baba pia. Mwambie sigara aniachie mimi niichukie kwa niaba yake. Huku baridi imeingia. Asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na ngozi ya barafu, na mimi nimekuwa fundi wa kuwasha moto wa samadi bila moshi.

Nina habari mbili, moja nzuri na moja mbaya. Nzuri siiandiki, utaibahatisha mwenyewe. Nachukia harufu ya mafuta ya kondoo, na nimekula udongo wa ukutani mara mbili bila mtu kuniona. Motlatsi peke yake anajua. Nilimwambia kwa video, alikuwa juu ya mnara, akashuka ngazi zote akaniambia nirudie, halafu akakaa chini kwenye mawe. Niliyaona machozi yake, dada, moja moja. Simu nyingine yoyote ingeyavunja vipande.

Habari mbaya ni kwamba bibi yake Motlatsi amefariki, yule aliyenipa jina. Mazishi ni Jumamosi ya tarehe 22. Ndugu wawili wa Motlatsi wako migodini Rustenburg na hawakupewa ruhusa. Mama mkwe amelia zaidi kwa hilo kuliko kwa msiba. Jana aliniita.

"'Matlotliso, simu yako haivunjiki, sivyo?"

"Haivunjiki, mama."

"Kila mtu kijijini anasema simu ya bi harusi haivunjiki. Basi utasimama kaburini uishike, wanangu wamzike bibi yao kwa macho. Kuanzia mwili unatoka ndani mpaka udongo wa mwisho."

Ni heshima kubwa kwa mke mpya. Motlatsi hatakuwepo mpaka asubuhi yenyewe ya mazishi, lakini amesema sawa.

Swali la Baba nilimwuliza. Alicheka, akasema daraja hilo halina katikati. Sikumwelewa ila nami nilicheka. Habari za picha ya kliniki mimi sizijui, si fundi.

Wako,
Keneuoe

—

Maseru
Jumatano, 26 Mei

Keneuoe,

Poleni na msiba. Baba anawapa pole, na Lineo hajambo. Habari yako nzuri nimeibahatisha na nimemshukuru Mungu kwa kupiga magoti, jambo ambalo unajua silifanyi mara kwa mara. Acha udongo wa ukutani. Kula mifupa, unyonye.

Sasa nisikilize.

Jumamosi nilikuwa zamu. Saa nne asubuhi Sista Mpolokeng alitupigia. Kliniki ilikuwa imefungwa, lakini mwanamke mmoja aliletwa kwa farasi kutoka ng'ambo ya mto, akajifungua salama, kisha damu ikawa haikatiki. Sista alitegesha kioo ili daktari aone kitanda. Daktari akaanza kumwelekeza afanye nini kwa mikono yake. Halafu picha ikaganda.

Iliganda shuka ikiwa bado nyeupe, mdogo wangu. Sauti ilikuja silabi moja, ikanyamaza, ikaja nyingine. Daktari anauliza damu ni kiasi gani, jibu haliji. Nilipiga simu ya kawaida, nayo hupita mnara ule ule, haikuita. Tulikaa tukitazama shuka nyeupe kwa dakika kumi na mbili. Picha iliporudi haikuwa nyeupe tena. Ikaganda tena. Ilikuwa hivyo mpaka saa saba.

Jumapili helikopta ilimleta hapa. Hali yake sitakuandikia. Sheria inanikataza, na hata isingenikataza nisingejua kuiandika.

Nina daftari langu la zamu. Kutoka kliniki yenu picha imeganda mara tatu: Ijumaa tarehe 23 Aprili saa tatu asubuhi, Alhamisi tarehe 6 Mei saa nane mchana, na Jumamosi hii. Kabla ya Aprili haikuwahi.

Nakuuliza kitu kimoja tu. Siku hizo, saa hizo, simu yako ilikuwa inafanya nini?

Nthatisi

—

Ha Ramokoatsi
Jumatano, 23 Juni

Dada mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, theluji ilifunga njia yote na Ntate Fusi hakuweza kupanda. Baba anaendeleaje na baridi hii? Mwambie avae lile blanketi zito, asilitunze kwa ajili ya wageni. Lineo anatembea?

Huku tumeshona mito miwili. Nimepika jamu ya mapera ya mlimani, imekuwa nyekundu sana, sikuipenda rangi yake nikaigawa kwa majirani. Mama mkwe anasema nimekonda usoni ilhali tumboni nimeongezeka. Motlatsi yuko minara ya mbali tangu baada ya mazishi, barafu imekunja vyuma huko. Hatuongei sana. Simu yangu naiacha imezimwa, betri imechoka.

Kliniki napimwa kila mwezi. Sista Mpolokeng ananipima mwenyewe. Amekuwa mkimya siku hizi, wala hakunitazama, labda amechoka. Ana mikono ya baridi.

Mgonjwa yule uliyenitajia, anaendeleaje? Si lazima unijibu kama sheria inakataza. Nimeuliza tu.

Keneuoe

—

Maseru
Jumatano, 30 Juni

Keneuoe,

Sisi wazima wote.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Na Ntate Fusi anasema theluji ilifunga njia siku nne. Tangu barua yangu amefika kwenu mara sita, Jumatatu na Alhamisi, na kila mara ulimwambia hujamaliza kuandika.

Sista Mpolokeng hajachoka. Amefunguliwa mashtaka ya kazi. Wanasema mgonjwa alikuwa mikononi mwake, daktari alikuwa tayari upande wa pili, na yeye hakufuata maelekezo kwa wakati. Kikao ni Ijumaa tarehe 30 Julai, hapa Maseru. Wakimwona ana hatia atavuliwa unesi. Ofisi ya mtandao imeandika kwamba siku ile minara yote ilikuwa inafanya kazi, na hilo ni kweli.

Nakuomba usinihadithie jamu.

Nthatisi

—

Ha Ramokoatsi
Jumapili, 11 Julai

Dada Nthatisi,

Shikamoo. Msalimie Baba, mbusu Lineo. Salamu zimekwisha, sasa swali lako.

Simu yangu ilikuwa inafanya kazi. Nimejua tangu siku nilipofungua barua yako ya Mei. Kuna kalenda ukutani chumbani kwetu, na kila siku ambayo Motlatsi alinipigia video nilichora ua dogo. Upumbavu wa bi harusi. Nilisimama mbele yake na barua yako mkononi. Tarehe 23 Aprili ina ua. Nilikuwa namwonyesha mapazia, dada, namgeuzia simu aone mapazia, na wakati ule ule mtoto alikuwa anahema mbele ya kioo. Tarehe 6 Mei ina ua, ndiyo siku niliyomwambia habari ya mtoto. Ile siku niliyohesabu machozi yake. Tarehe 22 haina ua, lakini hiyo haihitaji.

Siku ile kulikuwa na ukungu mzito, jeneza hulioni mpaka ulifikie. Niliinua simu saa nne kasoro, nikaishika mpaka saa saba. Mkono ulikufa ganzi nikabadili, wa pili ukafa nikashika kwa yote miwili. Shemeji zangu wa Rustenburg waliliona kila koleo la udongo. Mmoja alisema, "Shemeji, ni kama nipo hapo." Nilijisifu, dada. Nilisimama kwenye ule ukungu nikajisifu.

Sikukujibu kwa sababu niliogopa. Niliogopa kwamba nikiandika ndiyo, itakuwa kweli. Niliogopa watamchukua Motlatsi. Na usiku, sitaki kusema uongo tena, niliogopa zaidi kitanda kile cha kliniki. Nikilala pale Sista ananishika tumbo kwa ile mikono ya baridi, naye hajui kwamba anamshika mtu anayemvua unesi. Nimekuwa nazima simu, hilo tu ndilo nililoweza.

Jana ilikuwa siku ya kuvua nguo za msiba. Nyumba imejaa, wanawake wote wa ukoo wamekaa kwenye mikeka. Mama mkwe akasema mbele yao, "'Matlotliso, lete simu. Wanangu wanangoja."

"Betri imekufa, mama."

"Iko kwenye chaja tangu jana, nimeiona kwa macho yangu."

"Haifai, mama."

"Imeanza lini kutofaa? Mei ilifaa."

Shangazi mmoja akadakia, "Mwacheni, labda ina picha za bwana harusi ambazo si za macho ya wazee." Wakacheka wote, mkeka mzima. Na mimi, dada, sijui ni nani aliyenifungua mdomo. Mke mpya habishani na mama mkwe hata chumbani, sembuse kwenye shughuli. Nilisema, "Nikiwasha simu hii wakati mwanamke yuko taabani kliniki, daktari hatamwona. Mei tulipomzika bibi kulikuwa na mwanamke."

Kicheko kilikatika.

"Nani amekwambia?" mama mkwe akauliza.

"Dada yangu. Yeye ndiye yuko upande wa pili wa kioo."

"Kwa hiyo dada yako anasema tulimzika mama yetu kwa damu ya mtu."

"Hakusema hivyo, mama."

"Basi umesema wewe."

Aliazima simu ya jirani. Wanawe walionekana vipande vipande, na kila picha ilipokatika alinitazama. Tangu jana ananiita Keneuoe. Jina walilonipa hajalitamka tena, na chakula changu ananiwekea peke yangu kwenye bakuli la wageni. Najua ukoo wakikaa wanaweza kusema nirudishwe kwetu na mtoto tumboni. Motlatsi bado yuko mlimani na hajui lolote.

Nimekujibu. Sasa nijibu na wewe. Yuko hai?

Keneuoe

—

Maseru
Jumatano, 14 Julai

Mdogo wangu,

Baba anakusalimu, nimemsomea yote, amesema nikuandikie kwamba mlango wa kwake hauna komeo. Lineo yuko mgongoni mwangu ninapoandika.

Yuko hai. Navunja sheria ya kazi yangu kukwambia, na jina nakwambia pia kwa sababu nimechoka kumwita "yule mwanamke". Anaitwa Puseletso. Ana miaka ishirini na minne. Binti yake ni mzima, yuko ng'ambo ya mto na bibi yake, anakunywa maziwa ya kopo. Ili wamwokoe Puseletso ilibidi wamtoe kizazi, na figo zake zilisimama, sasa zimeanza kujaribu tena. Kila asubuhi anaulizia siku ya kwenda nyumbani. Anadhani anapona polepole kwa sababu ni mvivu. Anawaomba radhi wauguzi.

Nami nina la kukiri. Niliposoma barua yako ya kwanza ya daraja la kamba, nilijua si vizuri. Sikujua ni vibaya kiasi gani, ila nilijua. Nikajiambia nisiwe dada mwenye kijicho anayemharibia mwenzake fungate. Nikakuandikia mzaha wa Baba badala ya kukuandikia acha. Kwa hiyo usifikiri naandika haya nikiwa nimekaa juu yako.

Kwenye kikao nitasimama na daftari langu, lakini lina tarehe tu. Watasema picha huganda, ndiyo dunia. Anayeweza kuonyesha ni nani aliyekuwa mbele kwenye foleni saa ile ni mumeo peke yake. Atapoteza kazi. Huenda ikawa zaidi ya kazi. Sikulazimishi.

Hapana, huo ni uongo. Nakulazimisha.

Nthatisi

—

Ha Ramokoatsi
Jumatano, 21 Julai

Dada yangu,

Shikamoo wewe na Baba. Mwambie nimesikia habari ya mlango. Mimi mzima, na mtoto ameanza kucheza, kama samaki anayegeuka kwenye maji kidogo.

Motlatsi alirudi juzi, blanketi limelowa, midomo imepasuka kwa baridi. Sikumpa hata chai. Nilimpa barua zako tatu, kuanzia ile ya Mei, akazisoma akiwa amesimama mlangoni na theluji inamdondoka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, mazuri, nimeyakariri siku tano. Yeye akanitangulia.

Akasema, "Nilijaribu siku nyeupe."

"Siku nyeupe nini?"

"Ile asubuhi ya Aprili nilipokuweka mbele. Anga lilikuwa safi. Ukungu ukishuka daraja linapungua, wawili hawaenei tena. Fundi yeyote anajua. Na mimi nilijua, Keneuoe. Nilitaka kukuona."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na mpaka sasa naliogopa kuliko yote. Alijua. Siku mbili baada ya mazishi alifungua kompyuta akiwa mnara wa tatu, akaona kwenye kumbukumbu jinsi kliniki ilivyokuwa inagonga na kurudishwa, inagonga na kurudishwa, saa tatu nzima, simu yangu ikiwa imekaa juu yake. Akaitoa simu yangu mbele pale pale, akairudisha kwenye picha za watu. Hakumwambia mtu. Wiki zote hizi nilizokuwa nazima simu na kujificha nayo, na vita vyote vile vya mkekani, simu ilikuwa imeshavuliwa cheo zamani. Kila mmoja wetu alikuwa amelala na siri ile ile, mmoja mlimani, mmoja bondeni.

Nilimwuliza, "Kumbukumbu umezifuta?"

"Mara mbili niliweka kidole."

"Nimekuuliza umezifuta?"

"Zipo."

"Ulijua kuhusu Sista Mpolokeng?"

Akakaa chini. Hilo hakulijua. Namwamini, dada, na usiniulize kwa nini namwamini. Nilimtazama usoni kwa karibu, pasipo simu, na uso wake ulikuwa umevunjika wenyewe.

Hatukula. Tulikaa karibu na moto mpaka ukawa majivu, akaniuliza kama nitabaki naye akiwa hana kazi, au akiwa ndani. Nikamwambia mimi sikuolewa na mnara. Alicheka kidogo, kisha akalia, na mimi nilimshika kichwa, na nilimpenda hata zaidi ya ile siku ya kufumba macho. Lakini sasa nampenda kwa hofu, nisikudanganye. Nampenda kama mtu anayevuka mto akiwa amebeba kitu kichwani.

Asubuhi alimwambia mama yake. Mimi nilikuwa nje napepeta, nikasikia. Alisema, "Mama, nitakwenda Maseru kusema." Mama mkwe akasema, "Huyo mke wako amekufundisha." Motlatsi akajibu, "Kosa ni langu, yeye alishika simu tu, kwa amri yako." Mama akasema tukienda kuiharibu kazi inayolisha nyumba hii, tusimrudie na nyuso hizo. Sijui kama alimaanisha. Bakuli la wageni bado ni langu.

Jana Motlatsi alikwenda kliniki kwa miguu akamwambia Sista Mpolokeng mwenyewe, kabla ya kumwambia mkubwa wake yeyote. Sikwenda naye. Anasema Sista alimsikiliza akiwa amesimama, akamwuliza mara moja tu, "Dakika kumi na mbili?" Kisha akamwomba atoke kwa sababu ana wagonjwa.

Dada, nina ombi moja. Mwulize Puseletso kama atakubali kutuona. Mwambie ukweli wote ni akina nani, usitufichie. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba si uvivu wake, kwamba mtu mwingine alikuwa amesimama kwenye njia yake. Naogopa kumtazama hata ninapoandika jina lake. Akikataa, ana haki, nasi tutakaa kwenye benchi la nje mpaka saa ya kuwaona wagonjwa iishe, kisha tutaondoka.

Motlatsi ameziweka kumbukumbu za kompyuta kwenye vijiti viwili vya kuhifadhia data, kimoja yuko nacho yeye, cha pili nimekishona kwenye pindo la sketi yangu. Kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo. Sisi tutapanda basi la Jumatano asubuhi, siku mbili kabla, njia ikiwa wazi, na isipokuwa wazi Ntate Fusi amesema atamfunga mmoja wetu nyuma ya sanduku la damu na mwingine atembee mpaka barabara kuu. Vyovyote itakavyokuwa, tuwekee godoro. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, wote wawili.

Mdogo wako,
Keneuoe